Udongo, Ushanga na Unyago: Habari za Kazi za Mikono katika Usambara

Maneno mawili ya Kiswahili, kinyago na unyago, yana mzizi mmoja, lakini wasemaji wengi wa leo hawayasikii tena kuwa ni ndugu. Kinyago kwao ni sanamu ya mpingo auziwayo mgeni kando ya njia. Unyago ni mafunzo yafanywayo faraghani, mbali na macho ya watu. Zamani kinyago kilikuwa chombo cha unyago: kitu kilichofinyangwa au kuchongwa ili mwari aonyeshwe, na pamoja nacho aambiwe maneno yake. Asiyepewa maneno hakupewa kinyago, ijapokuwa alikishika mkononi. Historia ya kazi za mikono katika milima ya Usambara, kuanzia vyungu vya kale hata sanamu zilizowekwa makumbushoni, kwa sehemu kubwa ni habari ya jinsi kitu kilivyotengwa na neno lake.

Wenyeji huiita nchi yao ya milimani Shambaai, na nchi kavu iliyo chini huiita nyika. Steven Feierman, katika kitabu chake juu ya ufalme wa Wasambaa kilichotoka mwaka wa 1974, alieleza kwa urefu jinsi tofauti hiyo ilivyotawala mawazo yao, wala haikuwa tofauti ya mvua na jua peke yake. Ufinyanzi wa nchi hiyo ni wa kale kuliko ufalme wowote unaokumbukwa. Robert Soper alichimba huko Kwale nchini Kenya na kuchunguza mahali pengi pa kaskazini-mashariki ya Tanzania katika miaka ya 1960, naye alionyesha kwamba vyombo vya namna iitwayo ya Kwale, ambavyo umri wake ni karne za mwanzo baada ya Kristo, vilienea hata Upare na Usambara. Basi katika milima hiyo udongo umekuwa ukifinyangwa kwa muda wa miaka 1,500 na zaidi. Wakilindi, wafalme waliokaa Vugha, ni wageni wa juzi mbele ya chungu.

Lugha yenyewe yashuhudia umri huo. Kitenzi kuumba, ambacho Kiswahili cha leo karibu kimemwachia Mungu peke yake, asili yake ni kitenzi cha mfinyanzi. Katika Kiganda, kwa mfano, kubumba ni kufinyanga hata leo, na mfinyanzi ni mubumbi. Kiswahili kilipokipandisha kitenzi hicho daraja, mfinyanzi aliachiwa kufinyanga, neno lililojengwa juu ya kufinya, yaani kazi ya vidole. Chungu na nyungu nayo ni maneno ya mzizi mmoja wa kale, yenye ngeli mbali mbali tu. Hapana hata moja katika maneno haya lililotoka ng'ambo ya bahari.

Kazi yenyewe ni ya wanawake, na binti huipata kwa mama yake au kwa nyanya yake kwa kutazama na kutumwa. Udongo hupondwa, hutolewa mawe na mizizi, hulowekwa, hukandwa, kisha chombo huinuliwa kwa mkono bila gurudumu. Hukwanguliwa kwa kigae au kipande cha kibuyu, husuguliwa kwa jiwe laini, huanikwa kivulini kwa siku kadhaa, kisha huchomwa peupe kwa kuni na nyasi. Mithali isemayo mfinyanzi hulia gae hutajwa kama masikitiko, kwamba afanyaye kazi hafaidi matunda yake. Lakini atazamaye kazi ataona kwamba gae ni chombo cha mfinyanzi pia: ndilo akwangulialo chungu kipya, na pengine ndilo la chungu cha mama yake kilichovunjika.

Kioo kilikuja kwa njia nyingine kabisa. Hakikuyeyushwa Usambara, kilipanda kutoka pwani kikiwa kimekwisha kuwa ushanga. J. L. Krapf alifika Vugha mwaka wa 1848, na tena mwaka wa 1852. Richard Burton na J. H. Speke walipanda huko kutoka Pangani mwezi wa Februari 1857, zamani za uzee wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme aliyefariki mwaka wa 1862. Kwa wasafiri wa siku hizo ushanga na nguo ndizo zilizokuwa fedha. Sehemu kubwa ya ushanga huo ilitoka katika viwanda vya Venice, ikashuka Unguja, ikagawanywa katika njia za bara. Burton, katika kitabu chake juu ya nchi za maziwa kilichotoka mwaka wa 1860, aliandika kwamba aina zilizojulikana zilipata 400, na nyingine zilikuwa na majina matatu au manne kila moja. Ushanga mwekundu ulioitwa samesame ulikuwa na lakabu mbili ambazo yeye alizifasiri: mmoja ni mmaliza chakula, kwa kuwa mtu alikitoa hata chakula chake ili aupate, wa pili ni mvunja mji, kwa jinsi wanawake walivyoupenda. Majina hayo yalitungwa na wenye misafara, watu waliokuwa wakiuza. Waliovaa hawakuulizwa waliuitaje.

Wala si halali kuusimulia ushanga kama pambo tu. Baada ya kifo cha Kimweri milima iliingia vitani. Semboja, aliyekaa Mazinde karibu na njia ya misafara ya bonde la Pangani, alipata bunduki, na njia ile ile iliyopandisha ushanga, nguo na baruti iliteremsha watu kwenda kuuzwa. Jina la mvunja mji lina ukweli mwingi kuliko walivyokusudia walioutania ushanga kwalo.

Msomaji atakayetafuta habari za wafinyanzi katika maandishi ya Kiswahili ya zamani atarudi na machache. Habari za Wakilindi, kitabu kikubwa cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, kilichopigwa chapa sehemu kwa sehemu na misheni mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kisha kikatolewa upya mwaka wa 1962 kwa uangalizi wa J. W. T. Allen, ni hazina ya nathari ya Kiswahili isiyo na mfano. Lakini ni kitabu cha wafalme. Akina mama waliopika chakula cha wafalme hao, na waliofinyanga vyungu vya kukipikia, hawakuwa habari.

Walioanza kuandika majina ya vyombo ni Wajerumani, kwa sababu zao wenyewe. Misheni ilifunguliwa Mlalo mwaka wa 1891. Lushoto ikawa makao ya serikali kwa jina la Wilhelmstal. Reli kutoka Tanga ikafika Mombo mwaka wa 1905, na kwa reli hiyo sufuria na mabakuli ya bati yakapata njia rahisi ya kupanda milimani. Kuanzia mwaka wa 1911 habari alizokusanya A. Karasek juu ya Wasambaa, pamoja na vyombo na kazi zao, zilitolewa kwa Kijerumani na August Eichhorn. Mwaka huo huo Karl Roehl, aliyekuja kujulikana zaidi kwa tafsiri yake ya Biblia ya Kiswahili, alitoa sarufi ya Kisambaa. Na kamusi ya LangHeinrich ilitoka Hamburg mwaka wa 1921. Hivyo msamiati wa nyumba ya Msambaa ulihifadhiwa kwa uangalifu, lakini katika lugha ambayo wajukuu wa wenye nyumba hawaisomi.

Hata hivyo chungu ni nusu moja tu ya kazi ya udongo. Nusu ya pili ni sanamu za mafunzo, na mtu aliyezifanya zijulikane ni Hans Cory, mzaliwa wa Vienna mwaka wa 1888, aliyejulikana kwanza kwa jina la Koritschoner, kisha akawa mtaalamu wa mila katika serikali ya Kiingereza ya Tanganyika. Aliandika juu ya sanamu za Wanguu mwaka wa 1944. Mwaka wa 1956 akatoa kitabu kizima juu ya sanamu za udongo zitumikazo katika mafunzo ya vijana wa Tanganyika. Na mwaka wa 1962 makala yake juu ya jando la Wasambaa ilichapishwa.

Kwa habari hizo yaonekana wazi kwamba palikuwa na shule. Sanamu zilifinyangwa za watu, za wanyama, za vyombo vya nyumbani. Nyingi zilikaushwa tu, hazikuchomwa kama chungu, zikatiwa rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi. Kila sanamu ilikuwa na wimbo wake, na wimbo ulikuwa na fumbo, na fumbo lilikuwa na maelezo. Mwalimu alionyesha, akaimba, wari wakaitikia, kisha maana ikafunuliwa: heshima kwa wazazi, mambo ya unyumba, miiko, uvivu na bidii, wajibu wa mume na wa mke. Mwari aliyemaliza mafunzo alijua mambo matatu kwa kila sanamu, yaani umbo, wimbo na maana, na aliyeshindwa kulitaja mojawapo alijulikana kuwa hakupitia humo. Mwalimu wa lugha hawezi kuitazama taratibu hiyo bila wivu kidogo. Kitu, neno, na neno lililo nyuma ya neno, vyote kwa pamoja na kwa sauti: hakuna kitabu cha kiada kilichofanya zaidi.

Mafunzo yakiisha, desturi ya wengi ilikuwa kuzivunja sanamu au kuzitupa. Jambo hili ndilo gumu zaidi kwa wenye makumbusho. Udongo usiochomwa ulichaguliwa kwa sababu si wa kudumu. Kilichotakiwa kudumu ni wimbo katika kichwa cha mwari. Maonyesho yamegeuza mambo juu chini. Yamehifadhi kilichokusudiwa kuvunjika, na kilichokusudiwa kudumu kimeachwa kwa wazee wanaopungua. Makumbusho ya Dar es Salaam, yaliyofunguliwa mwaka wa 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano na ambayo leo ni ya Taifa, yanazo sanamu za mkusanyo wa Cory. Si haki kumlaumu mkusanyaji: bila yeye hata umbo lisingalikuwapo, na nyimbo alizieleza kitabuni. Lakini alizieleza kwa Kiingereza, kwa wasomaji wa mbali, na fumbo likishafasiriwa huwa habari tu. Tena mambo hayo yalikuwa siri. Kuna wazee ambao wangependelea sanamu isimame kioo mbele yake bila maelezo yoyote, wasije watoto wasiopitia mafunzo wakasoma bure waliyoyalipia wengine kwa njaa na usiku wa baridi. Hoja yao haijajibiwa, wala haijibiwi kwa kusema kwamba elimu ni ya wote.

Siku hizi kioo kimeanza kuyeyushwa Afrika ya Mashariki. Katika Kitengela, karibu na Nairobi, kazi ya kioo imekuwapo kwa miongo kadhaa. Arusha kuna karakana ianzishwayo mwaka wa 2007 ambapo watu wenye ulemavu huyeyusha chupa kuukuu na kuzipuliza ziwe bilauri na mapambo. Jina lake ni Shanga, kwa kuwa ilianza na mikufu ya ushanga. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1950 na kupata sifa ulimwenguni kwa vyungu vyake vilivyosuguliwa kwa mkono bila gurudumu, amefanya pia kazi ya kioo: Transition II ya mwaka wa 2014 ni vipande 1,001 vya kioo vilivyotundikwa. Kwa hiyo mkono mmoja wa Afrika ya Mashariki umekwisha kushika udongo na kioo pia.

Neno ndilo lililochelewa. Msamiati wa kioo katika Kiswahili ni wa mnunuzi: bilauri, ambalo lilitoka Uajemi kwa njia ya Waarabu na Wahindi, na glasi ya Waingereza, yote ni majina ya bidhaa iliyokwisha tengenezwa. Kwa mtengenezaji hapana kitu, na wanafunzi wa kazi hiyo huazima Kiingereza kwa kila hatua. Na kuazima huko si lazima. Wahunzi, ambao ukoo wao wa Washana unajulikana Upare na Usambara, walikwisha kuyataja mambo ya moto: mvukuto, kalibu, kusubu, kufua, kuyeyusha. Mfinyanzi ana kukwangua, kusugua, kuanika, kuchoma. Apulizaye kioo yu kati ya hao wawili, na maneno yao yamtosha kwa sehemu kubwa ya siku yake ya kazi.

Kwa Kisambaa kazi ya kuyakusanya maneno imeanzwa upya na mwenyeji wa lugha: Ruth Besha, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa mwaka wa 1993 orodha ya msamiati wa Kisambaa iliyopangwa kwa mafungu ya maana. Orodha hutoa majina, nyimbo zabaki. Hati za Cory zimo katika maktaba ya chuo hicho hicho, Mlimani, na sanamu zimo katika makumbusho yaliyo katika barabara iitwayo Shaaban Robert. Kati ya nyumba hizo mbili ni safari ya basi moja au mawili, na wari wa mwisho waliofundishwa kwa sanamu hizo, kama wangali hai, wako huko juu milimani, nao hawajaitwa katika nyumba yoyote kati ya hizo kuja kuimba.