Wahindu na Waislamu: kutoka forodha ya Unguja hadi Goma

Kwa zaidi ya miaka kumi, ulinzi wa Kivu mbili uligawanywa kwa namna ambayo ingemshangaza mtu wa Delhi au Lahore kuliko mtu wa Goma. Kivu Kaskazini ilikuwa mikononi mwa brigedi ya India, yenye makao yake Goma. Kivu Kusini ilikuwa mikononi mwa Wapakistani, waliokaa Bukavu na Uvira. Kila nchi ilileta wanajeshi zaidi ya 3,000. Majeshi hayo yalikwisha kupigana vita mwaka 1947, 1965, 1971 na 1999, na huko Kashmir yalikuwa bado yanaelekezeana mitutu. Hapa kwetu yalikaa kwenye ncha mbili za ziwa moja, chini ya kamandi moja ya Umoja wa Mataifa, kwanza ya MONUC, kisha ya MONUSCO kuanzia Julai 2010.

Ugomvi wao haukutufikia. Bipin Rawat, brigedia aliyeongoza kikosi cha Kivu Kaskazini mwaka 2008 wapiganaji wa Laurent Nkunda walipoukaribia mji wa Goma, alikuja kuwa mkuu wa kwanza wa majeshi yote ya India mwaka 2020. Machi 2022 helikopta ya Wapakistani ilianguka Tchanzu, wilayani Rutshuru, ikaua watu wanane, sita kati yao Wapakistani. Julai mwaka huohuo askari wawili wa India waliuawa Butembo katika maandamano dhidi ya MONUSCO. Kwa hiyo damu ya nchi zote mbili imemwagika katika jimbo letu, na hakuna iliyomwagwa na jirani yake.

Malalamiko ya wakazi juu ya askari hawa yapo, tena ni mazito. Novemba 2008, watu wapatao 150 waliuawa Kiwanja, na kambi ya Wahindi haikuwa mbali hata kilomita moja. Watu wa Rutshuru hawajasahau, na hawana wajibu wa kusahau. Lakini katika kilio chao hakuna aliyeuliza kama askari wa kambi ile alikuwa mtu wa msikitini au wa hekaluni. Na jibu lisingekuwa rahisi: India ina Waislamu wengi kuliko karibu nchi yoyote duniani, na wamo katika jeshi lake.

Ili kuona kwa nini ugomvi wa Wahindu na Waislamu ulipita juu ya vichwa vyetu, na mahali gani ulipata kushika moto Afrika Mashariki, lazima turudi Unguja.

Katika karne ya 19, forodha ya Unguja, yaani mapato makuu ya dola ya Kiislamu ya Masultani wa Oman, ilikodishwa kwa nyumba ya kibiashara ya Jairam Shivji, Mhindu wa kabila la Bhatia kutoka Kutch. Nyumba hiyo ilishika forodha kwa miongo mingi. Mwaka 1876 ilipokonywa kazi hiyo na Mwislamu wa Kihindi, Taria Topan, Khoja wa Kiismaili, na miaka michache baadaye ikarudi kwa Wabhatia. Mashindano yalikuwa makali, ila yalikuwa mashindano ya rupia. Sultani, aliyekuwa Mwibadhi, hakuona tatizo lolote kumkabidhi Mhindu funguo za hazina yake. Waswahili nao waliacha ushahidi wao katika methali: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Methali hiyo inalalamikia deni, haigusi masanamu.

Jambo hili linatuhusu sisi watu wa mashariki ya Kongo moja kwa moja. Hamed bin Muhammed, tunayemjua kwa jina la Tippu Tip, alipanga misafara yake ya kuja Maniema kwa mkopo wa Taria Topan. Bidhaa zilizovuka Ziwa Tanganyika kwenda Kasongo na Nyangwe, nguo, shanga na bunduki, zilitoka katika maghala ya Wahindi wa Unguja, Wahindu kwa Waislamu, na pembe za ndovu zilirudi kuwalipa hao hao. Pamoja na pembe walikuja watumwa. Uislamu wa Kivu una mizizi yake katika miji hiyo ya Maniema, na Kiswahili chetu vilevile. Katika vita vya 1892 hadi 1894 Wabelgiji waliziteka Nyangwe na Kasongo, na kwa miaka mingi iliyofuata Mwislamu wa Kongo alitazamwa na wakoloni kama mabaki ya adui. Kwa hiyo anayetaka kuandika hesabu ya machungu ya Mkongo katika historia hii ataona kwamba mtaji uliotuumiza ulitoka kwa waumini wa dini zote mbili, wakiwa wamefungamana katika daftari moja. Hilo halisemwi vya kutosha, na linapaswa kusemwa.

Kufungamana huko kulikuwa na sababu ya ndani zaidi. Khoja wengi ni wazao wa Walohana, kabila la Kihindu la wafanyabiashara, ambao babu zao walisilimu mikononi mwa mapiri wa Kiismaili. Mlohana na Khoja walizungumza Kikutchi kilekile, wakala vyakula vinavyofanana, wakahesabu kwa mtindo uleule. Walitoka pwani moja: Kutch, Jamnagar, Porbandar, Junagadh.

Lakini tusijidanganye kwamba hapakuwa na tofauti. Kwa Mwislamu, Mungu ni mmoja asiye na mfano, na kusujudia sanamu ni dhambi iliyo juu ya zote. Mhindu haoni kwamba anaabudu jiwe. Anaona kwamba Mungu asiye na mipaka anajifunua kwa nyuso nyingi, na hekalu ni mahali pa kukutana uso kwa uso na mojawapo. Ng'ombe, ambaye Mwislamu humchinja siku ya Idi, kwa Mhindu ni mama. Hakuna mapatano ya busara yanayoweza kuziondoa tofauti hizi, na sioni kwamba zinahitaji kuondolewa.

Juu ya imani likaja suala la kumbukumbu. Hekalu la Somnath, lililo kwenye pwani ileile ya Kathiawar walikotoka Wahindi wetu, lilivunjwa na Mahmud wa Ghazni mwanzoni mwa karne ya 11. Kwa karibu miaka elfu moja kisa hicho kimesimuliwa upya, kila kizazi kwa haja zake, na Mei 1951, ndani ya India huru, hekalu jipya lilizinduliwa mbele ya Rais Rajendra Prasad. Waislamu nao wana majeraha yao, mengine mabichi kabisa. Msikiti wa Babri, Ayodhya, ulibomolewa na umati tarehe 6 Desemba 1992, na machafuko yaliyofuata yaliua watu wapatao 2,000, wengi wao Waislamu. Mwaka 2002, baada ya Wahindu 59 kufa katika moto wa treni Godhra, zaidi ya watu 1,000 waliuawa katika jimbo la Gujarat, na safari hii pia wengi walikuwa Waislamu. Januari 2024 hekalu la Ram lilizinduliwa pale uliposimama msikiti. Kila upande una orodha yake, na kila upande huanzia mwaka unaoufaa.

Mabishano ya dini yalisafiri kwa meli kuja huku. Dayananda Saraswati, mwanzilishi wa Arya Samaj, alizaliwa Kathiawar, na kitabu chake kikuu kina sura nzima ya kuukosoa Uislamu. Jumuiya yake ilifunguliwa Bombay mwaka 1875 na Nairobi mwaka 1903, reli ikiwa bado mpya. Punjab, ambako Arya Samaj walibishana vikali na Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian, mwanzilishi wa Ahmadiyya, ndiko walikotoka wamisionari wa Ahmadiyya waliofika Nairobi mwaka 1934. Mwaka 1953 walichapisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, kazi aliyoshiriki Kaluta Amri Abedi, mshairi mzaliwa wa Ujiji, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kutoka kwetu. Masheikh wa Kisuni waliikataa, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy akatoa tafsiri yake iliyokamilika mwaka 1969. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha jinsi mjadala ulivyobadilika ulipofika Afrika: ulianza Mhindu akimkabili Mwislamu, na kwa Kiswahili ukawa wa Waislamu wao kwa wao, nao ukatuachia vitabu. Hakuna aliyechomewa duka.

Moto uliwashwa mahali pengine, kwenye daftari la wapiga kura. Oktoba 1906 ujumbe wa viongozi wa Kiislamu, ukiongozwa na Aga Khan III, ulikwenda Simla kumwomba mwakilishi wa mfalme wa Uingereza awape Waislamu wa India uchaguzi wao wa pekee. Hofu yao ilikuwa ya kweli: wachache wakipiga kura pamoja na wengi, sauti yao humezwa. Mwaka 1909 walipewa. Kuanzia hapo mwanasiasa wa India aliyetaka kiti hakuhitaji tena kura ya jirani wa dini nyingine. Alihitaji watu wake wamwogope jirani huyo. Miaka 38 baadaye India na Pakistan zilitengana, na mamia ya maelfu wakafa njiani.

Aga Khan huyohuyo alikuwa imamu wa Waismaili wa Unguja, Mombasa, Kampala na Dar es Salaam. Mwaka 1947 Junagadh, mji wa asili wa familia nyingi za hapa, uligombewa waziwazi: Nawabu wake Mwislamu alijiunga na Pakistan, raia zake walio wengi walikuwa Wahindu, na India ikauchukua. Habari hizo zilisomwa madukani Nairobi kama habari za nyumbani. Kabla ya hapo Wahindi wa Kenya walikuwa na chombo kimoja, Kongresi ya Wahindi wa Afrika Mashariki iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1914. Mwaka 1935 Makhan Singh, Kalasinga, alianza kuwaunganisha wafanyakazi bila kujali dini. Lakini baada ya 1947 viongozi wa Kiislamu walidai viti vyao, serikali ya kikoloni ikakubali kwa furaha, na uchaguzi wa 1952 ukafanyika huku Wahindi wakiwa wamegawanywa katika madaftari mawili, la Waislamu na la wasio Waislamu. Watu waliokopeshana tangu enzi za Jairam Shivji sasa walipangwa foleni mbili.

Tanganyika ilikataa. Jumuiya ya Waasia ya Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 1950, haikutaka jina la India wala la Pakistan, na ndani yake Mwismaili Amir Jamal alikaa meza moja na Wahindu. Jamal alikuja kuwa waziri wa fedha wa Nyerere. Nawapa heshima yote watu wale. Walikuwa na sababu zilezile za kuogopana kama za Nairobi, wakachagua vingine.

Yaliyofuata yaliwafanya wote kuwa sawa kwa njia chungu. Mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964 hayakumbagua Mhindu na Khoja. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na wafuasi wa Aga Khan walipanda ndege moja na akina Patel. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kuwapa Wazaire biashara za wageni, na maduka ya Wahindi, pamoja na ya Wagiriki na Wareno, yakachukuliwa Kivu, Kisangani na kwingineko. Aliyekuja na barua ya kukabidhiwa duka hakuuliza mwenyewe anasali vipi.

Mtu wa Goma ana haki ya pekee ya kuipima historia hii, maana sisi tumeishi na madaftari. Sheria ya 1981 iliwanyima uraia Wanyarwanda wengi wa Zaire waliokuwa wamepewa mwaka 1972, na machungu ya ardhi ya Masisi yakageuka hoja ya nani ahesabiwe na nani asihesabiwe. Machi 1993 watu walichinjwa sokoni Ntoto. Julai 1994 karibu watu milioni moja walivuka kutoka Rwanda, nchi ambayo kitambulisho kiliandika kabila la mwenye nacho, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu katika kambi zilizotuzunguka. Kwa hiyo tunapoziona kwenye simu zetu picha za Ayodhya au Kashmir, na mtu fulani akituambia kwamba Mhindu na Mwislamu hawajawahi kuishi pamoja, tuna elimu ya kutosha kumjibu kwamba si kweli. Waliishi pamoja Unguja kwa vizazi. Walitofautiana katika imani bila kuuana. Waliotenganishwa, walitenganishwa na viti, na waliovitaka viti ni watu wanaojulikana kwa majina.

Upande wetu wa historia hii bado haujaandikwa. Maduka ya Wahindi yaliyokuwepo Goma, Bukavu na Uvira kabla ya 1973, ni nani aliyeyashika, walisali wapi, walizikwa wapi, nani alirithi majengo: hayo yamo katika vichwa vya wazee na katika masanduku ya familia. Lava ya Januari 2002 ilikwisha kuteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji, pamoja na karatasi nyingi, na vita havijaacha kula zilizobaki. Nawaomba wenye risiti, picha, hati za nyumba au kumbukumbu za wazazi waliofanya kazi katika maduka hayo wazipeleke kwa walimu wa historia wa Chuo Kikuu cha Goma, au wazinakili wenyewe kwa mkono, mwaka huu, wazee wangali hai.