Turkana Haikuwa Mbali, Iliwekwa Mbali: Panda Baiskeli Ujionee

Watu wangu, kuna neno linanichosha kila nikifungua simu. "Mbali." Turkana ni mbali. Lodwar ni mbali. Kakuma ndio hata usiseme. Mbali na wapi? Mimi nikiamka Lopur, Nairobi ndio iko mbali.

Leo nataka tuongee historia, lakini kwa baiskeli. Hoja yangu ni moja: hili jimbo liliwekwa mbali na watu, kwa sheria, na ushahidi uko barabarani na kando ya mito. Ukipita na gari huuoni. Gari inafunga madirisha juu ya vumbi na kukimbia. Baiskeli inakusimamisha: kuna mchanga, kuna mwiba, kuna mzee anakuuliza unaenda wapi. Hapo ndipo stori inaanza.

Sina digrii ya historia. Chuo niliacha mwaka wa pili na sijarudi. Nina baiskeli ya milima ya mtumba, pampu, pakiti ya viraka, na wazee ambao hawachoki kuulizwa maswali.

Mto wenye wenyewe

Anzia Lodwar, kwa mto Turkwel. Huu mto unatoka Mlima Elgon, huko juu wanauita Suam, halafu unashuka mpaka Ziwa Turkana. Kando yake kuna msitu. Ndio, msitu, Turkana. Miti ya ewoi, ile migunga yenye kivuli kipana kama mwavuli, na mikoma ambayo mama zetu wanatumia majani yake kusuka vikapu. Vijia vya mbuzi vinapita katikati, na kwa baiskeli ndio raha yenyewe: mchanga mgumu, kivuli, kona kona.

Sasa mgeni akifika hapo anadhani ni pori la bure. La hasha. Kuna kitu tunaita ekwar. Kipande cha miti kando ya mto kina familia yake, na haki ya kutumia miti hiyo inarithiwa. Ile ngitit, maganda yanayoanguka kutoka kwa ewoi wakati wa kiangazi, ndiyo chakula cha mbuzi nyasi zikiisha. Huwezi tu kuja na fimbo ukapiga mti wa watu. Unaomba.

Fikiria hiyo. Watu walioambiwa kwenye vitabu kwamba wanahamahama ovyo ovyo walikuwa na sheria ya misitu, kila mti na mwenyewe, kabla ya ofisi yoyote ya misitu kufika hapa.

Halafu mambo mawili yakaingia. La kwanza ni bwawa la Turkwel, lililojengwa kati ya 1986 na 1991, la megawati 106. Mafuriko ya kawaida yaliyokuwa yakinywesha msitu wa chini yakaanza kutegemea mtu aliyeshika mlango wa bwawa. Na umeme? Ulipelekwa kwa gridi ya taifa, huku Lodwar ikibaki na jenereta za dizeli kwa miaka mingi. Mto wetu, taa za wengine.

La pili ni etirae, ile ambayo Baringo wanaiita mathenge. Ililetwa Kenya kuzuia jangwa na kutoa kuni. Leo imeziba kingo za mito na malisho. Watu wa Baringo walienda mahakamani mwaka 2006 kuishtaki serikali, wakabeba na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake kama ushahidi. Sisi waendesha baiskeli tuna ushahidi wetu: tyubu. Mwiba wa etirae hauna huruma na tairi ya mtu. Nikitoka Lodwar kwenda chini ya mto sibebi chini ya viraka sita.

Gereza lisilohitaji ukuta

Tuingie mjini. Lodwar ina nyumba aliyowekwa Jomo Kenyatta. Wengi wanajua hiyo, na wanaishia hapo. Hebu tuende taratibu.

Oktoba 1952 hali ya hatari inatangazwa. Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng' Oneko na Kung'u Karumba wanakamatwa, wanashtakiwa Kapenguria, na Aprili 1953 wanahukumiwa miaka saba. Wanapelekwa Lokitaung, kaskazini mwa jimbo letu, karibu kilomita 200 kutoka Lodwar. Waruhiu Itote, yule Jenerali China, naye akawekwa huko huko. 1959 Kenyatta anamaliza kifungo, lakini haendi nyumbani. Analetwa Lodwar, anaambiwa akae hapo, mpaka 1961 alipohamishwa Maralal na baadaye kuachiliwa.

Swali ambalo shuleni hakuna aliyeniuliza: kwa nini huku? Jibu rahisi ni jua na jangwa. Lakini jua pekee haliwezi kumfunga mtu. Mwingereza alikuwa tayari amejenga gereza bila ukuta. Mwaka 1902 walipitisha sheria ya wilaya za pembezoni. Wilaya ikitangazwa kufungwa, mtu wa nje haingii bila kibali. 1934 wakaongeza nyingine ya wilaya maalum, iliyombana mwenyeji mwenyewe. Turkana ikawa humo ndani. Na kabla ya hapo, 1918, walikuja na msafara mkubwa wa kijeshi uitwao Labur Patrol, ukapiga watu na kuchukua mifugo, kwa sababu Waturkana walikataa kutawaliwa.

Kwa hivyo Kenyatta aliletwa mahali ambapo kila mkaazi tayari alikuwa ndani ya boma la serikali. Wafungwa sita wakaongezewa kwa maelfu.

Na bado sauti ilitoka. Juni 1958 barua ya wafungwa wa Lokitaung kulalamikia hali yao ilichapishwa London katika gazeti la The Observer. Mwezi huo huo Oginga Odinga akasimama bungeni akasema hao bado ni viongozi. KANU ilipoundwa 1960, ilimtaka kama rais wa chama mtu ambaye alikuwa amekaa hapa Lodwar akitazama vumbi. Serikali ya kikoloni ikakataa, James Gichuru akashika nafasi. Kwa maneno mengine, siasa ya uhuru wa Kenya ilikuwa ikizunguka nyumba moja ya Lodwar.

Sasa shika hii vizuri. Uhuru ukaja 1963. Sheria za wilaya zilizofungwa hazikufa. 1965 serikali ya huyo huyo Kenyatta ikatoa Waraka wa Bunge Nambari 10, uliosema pesa za maendeleo ziende kule zitakakozaa haraka. Unajua huko ni wapi, na unajua sio huku. Zile sheria mbili zilifutwa 1997. Ile ya 1902 ilidumu miaka 95. Mtu akikuambia Turkana "imebaki nyuma," muulize nani alikuwa ameshika mlango.

Mawe kando ya lami

Toka Lodwar uelekee Kalokol, kama kilomita 60. Anza saa kumi na moja alfajiri, sio utani. Kabla ya kufika Kalokol utaona mawe marefu meusi yamesimama kando ya barabara. Namoratunga. Watu wa mawe. Wazee wanasema walikuwa watu waliogeuzwa mawe. Ukipita, weka kokoto juu kama wengine walivyofanya, endelea.

Mwaka 1978 watafiti wawili, Lynch na Robbins, waliandika kwamba nguzo hizo 19 zilipangwa kufuata nyota, kama kalenda. Wengine wakabisha. Utafiti wa baadaye katika maeneo ya nguzo kuzunguka ziwa ulionyesha ni ya kale zaidi, kati ya miaka 5,000 na 4,000 iliyopita, kazi ya wafugaji wa kwanza wa hapa. Lothagam, ambako kuna nguzo kama hizo, zaidi ya watu 500 walizikwa mahali pamoja, wakubwa kwa wadogo, na hakuna dalili ya kaburi la mfalme. Wafugaji walijenga kitu kikubwa bila bosi. Mimi nikisoma hiyo nilicheka peke yangu, kwa sababu kila mkutano tunaambiwa wafugaji hawawezi kujipanga.

Na hapo sijagusa Nariokotome, ambapo kikosi cha Kamoya Kimeu kilipata Kijana wa Turkana mwaka 1984, wala Lomekwi, kwenye vifaa vya mawe vya miaka milioni 3.3, ambapo macho makali ya Sammy Lokorodi, Mturkana, yalisaidia kuviona. Watu wa dunia nzima wanasoma kuhusu mlango wetu wa nyuma.

Kibali

Sasa turudi kwetu. Lodwar mpaka Kakuma ni kama kilomita 120 za lami. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992 kwa vijana waliotoka Sudan kwa miguu. Kalobeyei ikafuata 2016. Laga ya Tarach inapita kando, kavu miezi mingi, halafu siku moja inabeba nyumba.

Kambini ndiko baiskeli ni maisha. Inabeba maji, unga, abiria, mgonjwa. Fundi wangu ni rafiki kutoka Congo. Ananyoosha rimu kwa macho tu, bila kipimo. Tumepanda pamoja mara nyingi, Kakuma mpaka Kalobeyei, na kwenye mchanga ananiacha vibaya. Lakini Lodwar hatujawahi kwenda pamoja. Mimi naamka na kuondoka. Yeye anahitaji karatasi ya ruhusa ya kusafiri, yenye sababu na tarehe ya kurudi. "Nataka kuendesha baiskeli nione mto" haihesabiwi kuwa sababu.

Sheria mpya ya wakimbizi ilipitishwa 2021, na Mpango wa Shirika ukazinduliwa 2025 ukiahidi kambi zigeuke miji ya wakaazi wote. Mimi nitapima ahadi hiyo kwa kitu kimoja: siku jamaa yangu atatoka nje ya Kakuma kwa baiskeli bila karatasi. Kwa sababu 1902 ilikuwa kibali. 1959 ilikuwa kibali. Jimbo ni lile lile, jua ni lile lile, na bado kuna mtu hapa anahitaji saini ya mtu mwingine ili apande baiskeli.

Kwa hivyo?

Maasai Mara tangu 2021 wana mashindano ya baiskeli za njia za mawe yanayoleta watu kutoka nje. Hell's Gate watu wanakodisha baiskeli kila wikendi. Sisi tuna mto, msitu, nyumba ya kizuizi, nguzo za miaka elfu nne. Sisemi tuuze kila kitu kwa watalii. Nasema kaunti iweke vibao, ifundishe vijana wa hapa kuwa waongozaji, na wenye ekwar walipwe mgeni akipita kwenye miti yao. Tena watoto wa shule ndio waanze, kabla ya mtalii yeyote.

Ukija: maji lita tano kwenda juu, viraka, kofia, na uliza hali ya usalama kwa wenyeji kabla ya kila safari, kwa sababu barabara ya leo si ya jana. Mawingu yakiwa meusi upande wa milimani, usilale wala kuvuka ndani ya laga hata kama hapo ulipo ni jua. Na salamu kwanza. "Ejoka," halafu ndio uulize njia.

Kama mzee wako alihitaji kibali kuingia au kutoka Turkana zamani, muulize akusimulie, uniandikie hapa chini. Nataka kukusanya hizo stori kabla wenyewe hawajaondoka.