Nguchiro wa Sokoke na hatima ya msitu wake

WAKAZI wengi wa Pwani humfahamu nguchiro, hasa yule wa mchana atembeaye kwa makundi. Lakini yupo mwenzake ambaye hata wanaoishi kando ya msitu huenda wasimtie machoni maishani.

Huyo ni nguchiro wa Sokoke, ambaye wanasayansi humwita Bdeogale omnivora. Ana ukubwa wa paka, miguu myeusi yenye vidole vinne kila mmoja na mkia mzito wa manyoya. Hutembea usiku, peke yake, akisaka mchwa, siafu, mende na mijusi.

Alielezwa kitaalamu mwaka 1913 na Mmarekani Edmund Heller, kutokana na mnyama aliyepatikana Mazeras. Leo Mazeras ni mji wa maduka na malori kwenye barabara kuu ya Mombasa-Nairobi. Amtakaye nguchiro huyo nchini aanzie Arabuko-Sokoke, Kilifi. Wengine huonekana kaskazini-mashariki mwa Tanzania.

Wapo wataalamu wanaodai kuwa yeye ni tawi tu la nguchiro wa mkia mnene aishiye kusini zaidi. Ubishi huo haumpunguzii hatari. Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile (IUCN) limemworodhesha miongoni mwa wanyama wanaotishiwa kutoweka.

Arabuko-Sokoke, wenye takribani kilomita mraba 420, ndio msitu mkubwa zaidi wa aina yake uliosalia katika pwani ya Afrika Mashariki. Ulitangazwa kuwa wa serikali mwaka 1943, lakini tangazo halikuzuia shoka. Muhuhu umekatwa kwa miaka mingi ili kuchonga vinyago vya watalii, na gogo likiondolewa, wadudu waliomo huondoka nalo.

Aidha kuna mitego. Kitanzi hutegewa paa au sange, lakini hakichagui shingo. Ua wa umeme uliowekwa kuwazuia ndovu huokoa mahindi ya mkulima, mwindaji hupenya.

Afueni kiasi imetokana na mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa Gede mwaka 1993, ambapo wanavijiji hufuga vipepeo na kuwauza ng'ambo wakiwa bado pupa. Mwenye kipato hicho ana sababu ya kuutaka msitu usimame.

Ndovu huweza kuhesabiwa kwa ndege. Nguchiro huyu hujulikana tu kwa kamera zilizofungwa mitini, zinazojipiga zenyewe apitapo gizani.