Schröder na Schneider, wote mafundi nguo

Hapa Hamburg jina Schröder nalikuta kwenye kengele za milango kila mtaa. Nikienda kwa shangazi Stuttgart, naona Schneider. Kumbe wote ni mafundi cherehani! (Sawa, enzi hizo cherehani ilikuwa bado.)

Majina yote mawili yametoka kwenye kukata kitambaa. Kaskazini kukata kulikuwa schroden, kusini schneiden. Kuanzia karne ya 12 hivi, jina la kazi likaanza kurithiwa, hata mtoto akiwa mvuvi. Upande wa Braunschweig likawa Schrader, Rhine ya chini likawa Schröer. Ila angalieni: kwenye maeneo ya mvinyo, Schröter aliweza kuwa mtu wa kuviringisha mapipa. Na Schneider wengi waliohamia Pennsylvania wakaishia kuitwa Snyder.

Babu yangu alishona kanzu Tanga maisha yake yote. Baba alipoulizwa jina la ukoo huku, akaandika Salim, jina la babu, basi. Mwanangu naye ni Salim. Kwamba huyo Salim alikuwa fundi, inabidi nimwambie mwenyewe.