Walivyowinda Athi kwa Miguu ya Wengine

Kuna aina ya video ambayo algoridhimu imeamua mimi lazima niione. Mzee wa Kimarekani kwa kiti cha magurudumu, mahali fulani Namibia ama Afrika Kusini, bunduki imeegemezwa kwa vijiti vitatu, na mbele yake choroa amelala. Nyuma yake kuna vijana wawili Waafrika wamesimama wakingoja. Halafu unafungua komenti na unapata Wakenya wenzangu: “Si akae nyumbani?” “Pori ni ya watu wako na miguu, buda.”

Mimi natembelea magongo tangu nikiwa na miaka sita. Hiyo sentensi ya pili nimeambiwa mara mingi, na si kuhusu pori pekee. Nimeambiwa kuhusu stendi ya mathree, kuhusu trip ya Fourteen Falls, kuhusu gorofa ya tatu ambako ofisi “iko tu hapo juu.” Kwa hivyo leo sitaongea juu ya kama kuua wanyama ni poa ama si poa. Hapa Kenya hiyo ilifungwa 1977 serikali ilipopiga marufuku uwindaji wote, na mimi sina shida nayo. Nataka tuangalie hii imani kwamba nyika ilikuwa ya wanaume wenye miguu ya chuma. Historia yetu wenyewe inasema kitu tofauti kabisa.

Tuanze na yule maarufu kuliko wote. Theodore Roosevelt alitua Mombasa Aprili 1909, wiki chache tu baada ya kutoka urais wa Marekani. Picha zinamuonyesha mkakamavu, kofia ya jua, kifua mbele. Sasa soma mwili wenyewe. Alikuwa na miaka 50 na kitambi cha heshima. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa. Alilipoteza kwa kucheza ndondi akiwa Ikulu, na akaficha hiyo story miaka mingi. Jicho lililobaki nalo lilihitaji miwani mazito. Na mguu? Mwaka wa 1902 gari la farasi alilokuwa amepanda liligongwa na tramu huko Massachusetts. Mguu wa kushoto ukaumia vibaya, akafanyiwa upasuaji, na mgomo mkubwa wa wachimba makaa wa mwaka huo aliusuluhisha akiwa kwa kiti cha magurudumu. Rais wa Marekani, kwa wheelchair, akiwaita matajiri na viongozi wa wafanyakazi waje waongee mbele yake. Ule mguu haukuwahi kupona kabisa. Ulimsumbua mpaka mwisho.

Huyo ndiye mtu tunaambiwa aliteka nyika.

Sasa aliifikia vipi? Kwanza kwa treni. Kutoka Mombasa kuja bara waliweka benchi mbele ya injini, juu ya ile fremu ya chuma ya kusukuma wanyama kutoka kwa reli, na yeye akakaa hapo akiangalia wanyama kama mtu yuko sinema. Winston Churchill alikuwa amefanya vivyo hivyo 1907. Churchill aliandika hata mbinu: wanyama wa nyika walikuwa wamezoea kelele za reli, kile kiliwashtua ni kitu kusimama. Kwa hivyo unapanda kitoroli cha reli, unashuka kikiwa kwa mwendo, kinaendelea kama hakuna kitu kimetokea, na wewe unabaki umejificha karibu na pundamilia. Soma hiyo polepole. Chombo cha usafiri kimekufikisha pale miguu ingekuchukua masaa. Leo tungeiita kifaa saidizi. Wakati huo waliita ushujaa.

Roosevelt alishuka stesheni ya Kapiti, kule uwanda wa Athi unaelekea Ukambani. Hapo kulikuwa na watu zaidi ya 200 wakimngoja: wapagazi, askari, wapishi, wachunga farasi, wabeba bunduki, watu wa hema. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 60, hiyo ni kama kilo 27, kichwani, kutwa. Walibeba mahema, chumvi ya kuhifadhi ngozi (nyingi sana, maana alikuwa akikusanyia makumbusho ya Smithsonian), na hata sanduku la vitabu vyake. Yeye mwenyewe kwa masafa marefu alikuwa juu ya farasi aliyeitwa Tranquillity. Na simba? Kule Kitanga, karibu na Machakos, simba waliwindwa kwa farasi: wapanda farasi wanamfukuza simba mpaka achoke na ageuke kupigana, halafu mwenye bunduki anashuka na kupiga. Kazi ya mbio ilikuwa imefanywa na farasi. Kazi ya kumwona mnyama kwanza ilifanywa na mtu mwingine, na kwa mtu wa jicho moja hiyo si kazi ndogo. Wabeba bunduki walitembea hatua moja nyuma, wakimwonyesha, wakimpa bunduki ya pili ya kwanza ikiisha risasi.

Wapagazi walimpa jina Bwana Mkubwa. Mtoto wake Kermit, kijana wa miaka 19, wakamwita Bwana Maridadi. Hiyo naipenda sana. Watu wamebebeshwa kilo 27 kwa jua la Athi na bado wako na nguvu ya kuwapea wakubwa majina ya utani.

Mwisho wa safari, iliyoenda mpaka Uganda na Sudan, baba na mtoto walihesabu wanyama 512 waliowapiga wao wawili: 296 wa baba, 216 wa Kermit. Kitabu kikatoka, kikauza, na ndio hapo neno letu “safari” likaanza kuzunguka dunia likimaanisha kitu cha matajiri.

Wakiwa Athi walikaribishwa Juja na William Northrup McMillan, Mmarekani mwenzao kutoka St. Louis. Ukipitia Juja leo unaona mahosteli na wanafunzi wa JKUAT, lakini shamba lile lilikuwa la huyu jamaa. McMillan alikuwa mtu mkubwa. Simaanishi cheo, namaanisha mwili. Unene wake ulikuwa gumzo la koloni nzima. Na huyo pia alikuwa anahesabika kama mwindaji. Sijawahi ona mahali popote ameandikwa kwamba nyika si ya watu kama yeye. Farasi alitafutwa, gari likatafutwa, watu wakatafutwa, na mzee akafika pale alitaka kufika. Alipofariki 1925 alitaka azikwe juu kabisa ya Ol Donyo Sabuk, ule mlima pia unaitwa Kilimambogo. Mtambo uliokuwa ukivuta jeneza ukashindwa na mwinuko, wakamzika njiani, kwenye sehemu tambarare. Kaburi liko hapo mpaka leo, na gari linafika.

Halafu zikaja motokaa, na hapa ndio story inakuwa tamu. Baada ya Vita vya Kwanza wageni walianza kupiga simba Serengeti bila hata kushuka garini. Mmoja wa waliopinga hadharani alikuwa Denys Finch Hatton, yule wa Karen Blixen, mwenyewe akiwa mwongozaji wa wawindaji matajiri, pamoja na mtoto wa mfalme wa Uingereza 1928. Aliandikia gazeti la The Times kulalamika kwamba ni uchinjaji. Nakubaliana naye kuhusu simba. Lakini angalia mstari alipouchora. Farasi ni sawa. Treni ni sawa. Mamia ya watu wakibeba kitanda chako na bafu lako, sawa. Gari ndio aibu. “Uwindaji wa haki” ulipimwa kwa hatua mia mbili za mwisho, zile mwenye bunduki alitembea mwenyewe, na zile kilomita zote wengine walimtembelea hazikuingia kwa hesabu.

Hao wengine waliingia kwa hesabu gani? Sheria za wanyama zilianza mapema, miaka ya mwisho ya 1890, na zikakazwa kila mara. Leseni zilikuwa za pesa ambazo mpagazi hangeota. Kwa hivyo Mkamba aliyejua kupika sumu ya mshale na kufuata nyayo siku mbili aliruhusiwa kufanya hiyo kazi akiwa ameajiriwa na Bwana. Akiifanya peke yake kulisha watu wake, ni jangili. Mfano mkali zaidi ni Wawata wa Tsavo, wale pia wanaitwa Waliangulu. Hawa walikuwa wanaangusha ndovu kwa upinde ambao wanaume wengi wa Kizungu, na wakiwa na afya kamili, walishindwa kuuvuta mpaka mwisho. Ukitaka miguu na mikono ya pori, hiyo hapo. Tsavo ikafanywa hifadhi 1948, na katikati ya miaka ya 1950 kukawa na operesheni kubwa dhidi yao. Wakashikwa, wakafungwa, kijiji baada ya kijiji.

Kwa hivyo yule mwenye mwili uliofaa kabisa nyika alitiwa ndani, na yule mwenye jicho moja na mguu mbovu akawekewa benchi mbele ya treni. Hakuna siku mwili ulikuwa ndio kipimo. Kipimo kilikuwa ni nani anaweza kuamrisha, ama kulipa, miguu ya mtu mwingine. Na miguu hiyo ilikuwa na bei ya chini sana. Miaka mitano baada ya Roosevelt kupita, vita vikaja, na wanaume wa kazi ile ile ya kubeba mizigo wakakusanywa kwa lazima, wakapelekwa Tanganyika, na maelfu kwa maelfu wakafa kwa njaa na magonjwa. Jina la kikosi chao bado tunalitamka kila siku tukienda kula nyama choma: Kariokor.

Ndio maana yule mzee wa Namibia hanikasirishi vile anawakasirisha nyinyi. Analipa gari lenye lifti, analipa kibanda cha kuvizia karibu na maji, analipa wafuata nyayo. Anafanya kile walifanya wote kabla yake, tofauti ni kwamba kwake kiti kinaonekana. Wale vijana wawili nyuma yake ndio naangalia zaidi. Sijui majina yao kwa sababu video haisemi.

Na hapa kwetu? Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote na usafiri wa umma kwa njia inayofaa. Mahali pote, wasee. Nyika ikiwemo. Makanga bado ananiambia ningoje inayofuata.

McMillan ana ukumbusho mwingine mjini. Mjane wake alimjengea maktaba, ikafunguliwa 1931, pale karibu na Msikiti wa Jamia, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu pekee. Mlangoni kuna simba wawili wa mawe, na kuwafikia unapanda ngazi pana za mbele. Nimezipanda, moja moja, magongo kwanza halafu mguu. Zimejengwa kwa heshima ya mtu ambaye maisha yake yote kuna mwingine alikuwa anamtangulia kupanda.