Ugomvi wa Siku Nane katika Jumba la Tamthilia la Nairobi

Mwezi wa Oktoba wa mwaka huu wa 2026 itatimia miaka 50 tangu Jumba la Tamthilia la Taifa, jijini Nairobi, lilipoingia katika ugomvi ambao, kwa rai ya mwandishi wa makala haya, ulidhihirisha tabia yake kuliko hotuba zote zilizopata kusomwa mbele ya pazia lake. Waliokuwa vijana wakati ule sasa ni wazee, na aghalabu ya wakuu wa mkasa wenyewe wametangulia mbele ya haki: Francis Imbuga alifariki mwaka 2012, Micere Githae Mugo mwaka 2023, na Ngugi wa Thiong'o tarehe 28 Mei 2025. Atakaye habari zile leo hana budi kuzitafuta vitabuni, na kitabu kizielezacho kwa urefu ni cha Ngugi mwenyewe, Penpoints, Gunpoints, and Dreams, kilichotoka mwaka 1998. Nimekifuata sana, ingawa najua kwamba msimulizi wake ni mmoja wa wagomvi, na mgomvi hana desturi ya kuzieleza hoja za hasimu yake kwa ukarimu.

Jumba lilifunguliwa tarehe 6 Novemba 1952, chini ya Kituo cha Utamaduni cha Kenya kilichoundwa kwa sheria ya mwaka uliotangulia. Zilikuwa zimepita siku 17 tu tangu Gavana Evelyn Baring atangaze hali ya hatari. Jomo Kenyatta na wenzake walikuwa wamekwisha kukamatwa, na kesi yao ya Kapenguria ilikuwa njiani. Kwa hiyo pazia lilifunuliwa katika nchi ambayo wenyeji wake wengi hawakuwa na ruhusa ya kutembea usiku, licha ya kwenda kutazama michezo ya kuigiza.

Richard Frost, aliyekuwa mkuu wa British Council katika Afrika Mashariki, ameandika bila kificho kuhusu mahali palipochaguliwa. Anakiri kwamba wakati ule hapakuwa na Mwafrika aliyeruhusiwa kukaa karibu na kiwanja kile, ila walitumaini kwamba siku moja ubaguzi wa makazi ungeondoka, na wakubwa wa kila kabila wangekaa ujirani mmoja huko Muthaiga na Westlands na Kilimani, wakakutana jioni kwenye tamthilia kama watu wa daraja moja. Lilikusudiwa kuwa jumba la watu wenye cheo na maarifa, si la wafanyakazi, ndiyo sababu likajengwa katikati ya wenye nafasi. Mtu aweza kuusifu ukunjufu wa tumaini hilo kwa zama zake, maana walikuwapo walowezi ambao hata hilo hawakulitaka; lakini seremala wa Kaloleni na mama muuza mboga wa Pumwani hawakuwamo katika hesabu yake, wala hawakusahauliwa kwa bahati mbaya.

Tena majirani wa jumba lile si majirani wa kupuuzwa. Ng'ambo ya barabara ipo hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa mwaka 1904, maskani ya walowezi na wawindaji. Hatua chache kutoka hapo kipo kituo kikuu cha polisi, kisha chuo kikuu, kisha nyumba ya redio. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika penye kituo hicho cha polisi kudai mwanasiasa Harry Thuku afunguliwe, askari wakaufyatulia risasi, na baadhi ya walowezi waliokuwa wamestarehe barazani mwa Norfolk wakaongeza risasi zao wenyewe. Miongoni mwa waliokufa alikuwa Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewahimiza wanaume wasirudi nyuma. Barabara ipitayo kati ya hoteli na jumba la tamthilia sasa yaitwa kwa jina la Harry Thuku. Ngugi huirudia jiografia hiyo kila azungumzapo habari za jumba lile, na aliyesimama mlangoni pake akageuza shingo kushoto na kulia hawezi kumlaumu.

Miaka ya kwanza yaweza kupitwa upesi. Vikundi vya Waingereza viliigiza humo vichekesho vya London na tamthilia za Shakespeare; Donovan Maule na mkewe walikuwa na kikundi chao cha waigizaji wa kulipwa mahali pengine mjini; mashindano ya tamthilia za shule yalianza mwaka 1959 na kukuza waigizaji wengi. Mwaka 1968, miaka mitano baada ya Uhuru, Seth Adagala akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza jumba, na palianzishwa humo chuo cha uigizaji. Mwaka 1974 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walianza kuzunguka na tamthilia zao vijijini na mitaani bila kutoza kiingilio, nao wakakuta huko hadhira ambayo jumba la mjini halikupata kuiona.

Basi mwaka 1976 serikali ya Kenya ikajitayarisha kupeleka wasanii Lagos, katika tamasha kuu la sanaa za watu weusi, FESTAC, lililokuwa lifanyike mwanzoni mwa 1977. Tamthilia mbili zilichaguliwa kuliwakilisha taifa. Ya kwanza ni The Trial of Dedan Kimathi, iliyotungwa na Ngugi pamoja na Micere Githae Mugo na kuongozwa na Adagala. Ya pili ni Betrayal in the City ya Francis Imbuga, iliyoongozwa na Tirus Gathwe. Ilionekana jambo la busara kwamba watu wa nyumbani waone kwanza kile kitakachoonyeshwa ugenini, tena kwa wakati unaofaa: Oktoba ni mwezi wa Siku ya Kenyatta, na mwisho wa mwezi ule UNESCO ilikuwa ifungue mkutano wake mkuu mjini Nairobi, ambao wajumbe wake kutoka pembe zote za dunia wangependa, bila shaka, kujua Wakenya huandika nini na huigiza nini.

Ngugi na wenzake walipoomba ukumbi waliambiwa kwamba hauna nafasi, maana daftari la kukodisha limejaa. Kundi la Jeune Ballet de France limekwisha kuandikwa, na baada yake City Players, waigizaji wa Kizungu wa mjini, wataonyesha A Funny Thing Happened on the Way to the Forum. Huo wa pili ni mchezo wa kuchekesha wenye nyimbo, uliotoka New York mwaka 1962, na kisa chake ni cha mtumwa wa Roma ya kale afanyaye kila hila apate uhuru wake. Wakenya walikuwa tayari kumcheka mtumwa wa Roma mpaka machozi yakawatoka, lakini kumpisha mtu aliyekamatwa na kunyongwa kwa ajili ya uhuru wa Kenya ikawa taabu.

Insafu yanilazimu kusema kwamba mkodishaji aliyetangulia kuandikwa ana haki yake, na kwamba hakuna meneja wa ukumbi, popote ulimwenguni, apendaye kumfukuza mteja aliyelipa. Walakini hoja ya Ngugi na wenzake ilipita daftari. Wao waliuliza ni nani mwenye kushika kalamu ya daftari hilo. Kwa nini, miaka 13 baada ya bendera ya Mwingereza kuteremshwa, baraza linalosimamia jumba la taifa bado limo mikononi mwa wageni. Na kwa nini michezo ya Ulaya haikosi wiki zake ilhali ya wenyeji yakaribishwa kama mpita njia aombaye maji ya kunywa. Ubishi ulihamia magazetini. Waliolitetea jumba walisema sanaa haina rangi wala mipaka, na kwamba jukwaa lapaswa kuwa wazi kwa kila tamthilia iliyo bora. Waliolishambulia wakajibu kwamba jukwaa lililo wazi kwa wote halina haja ya kubishaniwa namna ile.

Mwisho wa yote wenyeji walitengewa siku nane, nne kwa kila tamthilia, katika mwanya uliobaki baina ya Wafaransa na Warumi.

Yafaa nieleze kidogo kilichokuwamo katika michezo ile, maana bila hivyo fadhaa ya wakubwa haitafahamika. Dedan Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956 akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Tamthilia ya Ngugi na Micere haikumleta kama mtuhumiwa anayetetea shingo yake. Ilimleta kama mtu aliyezungukwa chumbani mwake gerezani na washawishi, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na fungu lake la ahadi, wakiwamo Waafrika wenzake waliokuja kumnong'oneza kwamba vita vimekwisha na wenye akili sasa wanatafuta mali. Kumsema Kimathi mwaka 1976 ilikuwa kuwasema walio hai, na nusu ya watu waliokalia viti vya mbele walijua ni fungu lipi lililowaangukia. Imbuga naye, kwa upole wake na kicheko chake, aliunda nchi iitwayo Kafira yenye mtawala aitwaye Boss, na humo akatia wafungwa wanaofanya mazoezi ya mchezo wa kumfurahisha kiongozi wa kigeni anayekuja ziara. Sidhani kwamba alipouandika alijua kuwa waigizaji wake watafanya mazoezi yao Nairobi katika mwezi ambao jiji zima lilikuwa likijipamba kwa ajili ya wageni.

Tarehe 20 Oktoba 1976, Siku ya Kenyatta, pazia lilifunuliwa kwa Kimathi. Ukumbi ulifurika. Ngugi asimulia kwamba waigizaji walipofikia wimbo wa mwisho, wa ushindi, watazamaji hawakukaa kuwapigia makofi kama ilivyo ada ya jumba lile. Waliinuka vitini, wakaungana nao, wakaenda wakiimba na kucheza katika njia za ukumbi mpaka nje barabarani, wakaelekea upande wa Norfolk, hapo hapo palipomwagika damu mwaka 1922. Polisi wakawazuia. Yeyote aliyewahi kuona ngoma ikitoka uani kwenda barazani, na wazee wakiifuata bila kukumbuka viatu vyao, atafahamu hali iliyowapata watu wale. Na atafahamu vilevile kwa nini waliozoea watazamaji wenye suti, wanaopiga makofi kwa kipimo kisha wakaondoka kwa magari, waliona kwamba jambo hili halikubaliki.

Kisha ukafuata mwito ambao ndio kiini cha mkasa wote. Ngugi na Adagala waliitwa kwenye makao makuu ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, nao walipofika, kwa maelezo ya Ngugi, walitakiwa kueleza kwa nini wanaingilia tamthilia ya Wazungu. Ofisa wa serikali iliyochagua tamthilia zile mbili iende nazo Lagos aliwauliza Wakenya wawili, mmoja wao aliyepata kuwa mkuu wa jumba hilo, kwa nini walikuwa wakiwasumbua wenye nyumba. Hapo suala la nani mwenye jumba lilipata jibu lake, tena kwa ufasaha ambao hakuna mwandishi wa Nation wala Standard aliyeufikia.

Siku zile nane zikaisha, kichekesho cha Roma kikaendelea kama kilivyopangwa, na Januari ya 1977 ujumbe wa Kenya ulikuwa Lagos. Ngugi hakurudi kubishania daftari. Alikwenda Kamiriithu, kijijini kwao huko Limuru, ambako wakulima na wafanyakazi walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao na kuigiza Ngaahika Ndeenda, aliyoitunga pamoja na Ngugi wa Mirii; tamthilia ilianza Oktoba 1977, ikapigwa marufuku mwezi uliofuata, na mwisho wa mwaka Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kesi. Februari 1982 watu wa Kamiriithu walijaribu kuingia jumbani na tamthilia nyingine, Maitu Njugira, wakakuta milango imefungwa; wakafanya mazoezi yao Chuo Kikuu, ng'ambo ya pili tu, mbele ya maelfu waliokuja kila jioni kutazama mazoezi kana kwamba ndiyo tamasha lenyewe. Machi 12 polisi walikwenda Kamiriithu wakalibomoa lile jukwaa la wanakijiji.

Yaliyofuata si mengi ya kusimuliwa. Jumba lilichakaa kwa miaka mingi, kisha likafanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya na Rais Uhuru Kenyatta mwezi wa Septemba 2015, likapata viti na taa za kisasa. Mei 2022 Ngaahika Ndeenda yenyewe iliigizwa humo, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, katika onyesho lililoongozwa na Stuart Nash, na hakuna aliyeitwa kwa mpelelezi. Hilo ni jambo la kushukuriwa, ingawa hatari ya tamthilia huwa imepungua sana kufikia hapo watoto wa waliopiga marufuku wanapoweza kununua tiketi.

Kinachonikera ni kingine. Kenya ya leo ina katiba iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia, lakini mtu akitaka kuona tamthilia ya Kiswahili jijini, mara nyingi ataikuta asubuhi, ikichezwa kwa ajili ya wanafunzi walioletwa kwa mabasi kwa kuwa kitabu chake kimo katika mtihani. Mtihani ukibadilisha vitabu, waigizaji nao hubadilisha. Mzalendo Kimathi, tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia iliyozusha ugomvi ule, ipo tangu 1978. Siku ya Kenyatta sasa yaitwa Siku ya Mashujaa, na mwaka huu itaangukia Jumanne. Wasimamizi wa Kituo cha Utamaduni, ambao siku hizi ni Wakenya na ndio wenye kalamu, wangeweza kuliandika jina la Kimathi kuanzia jioni ile hadi Jumanne ya pili yake, saa moja ya usiku, kwa kiingilio ambacho fundi wa Gikomba aweza kukilipa, kabla hajatokea mteja mwingine wa kuuhodhi ukumbi.