Miti Iliyolindwa kwa Ngoma

Agosti 1914, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilipeleka baruti Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama katika eneo la Kaloleni, ikailipua. Ndani hamkuwa na ghala la silaha wala jeshi lililojificha. Mlikuwa na malango, miti mikubwa, na uwanja ambapo watu walikuwa wakikutana kuomba, kula viapo na kucheza ngoma. Baruti ilitumika dhidi ya mahali pa kuimbia, na waliotoa amri hiyo walijua wanachokifanya.

Mwaka mmoja kabla, mama mmoja mjane, Mekatilili wa Menza, alikuwa akizunguka vijiji vya Wagiriama akicheza kifudu. Hiyo ni ngoma ya matanga, na mtu hapiti ngoma ya matanga bila kusimama. Watu walisimama, wakaingia kwenye duara, wakamfuata. Akishawakusanya ndipo alipozungumza: juu ya kodi ya nyumba, juu ya vijana waliotakiwa wakafanye kazi kwenye mashamba ya wazungu, juu ya ardhi. Safari ikaishia Kaya Fungo. Huko wanawake walikula kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi, kwamba hawatawatumikia wakoloni. Oktoba 1913 Mekatilili alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari wakatoroka, wakarudi kwa miguu.

Kiapo cha kaya hakikuwa maneno ya mdomoni tu. Kililiwa mbele ya koma, yaani wahenga waliozikwa humo, na chini ya miti ambayo hakuna aliyethubutu kuikata. Serikali ilifikiri miti ikianguka, kiapo nacho kitaanguka. Lakini yaliyofuata yalikuwa vita, na mwaka 1919, Mekatilili na Wanje, waliokuwa wamekamatwa tena, waliporejea kutoka kifungo hicho cha pili, walikwenda kukaa Kaya Fungo ileile.

Kaya ni za zamani kuliko misukosuko hiyo. Masimulizi ya Wamijikenda yanasema walitoka Shungwaya, kaskazini, wakakimbilia vilima vya pwani. Kaya za mwanzo hukadiriwa kuwa za karne ya 16. Kila moja ya jamii zao tisa, Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma, ilijenga makao yake katikati ya msitu mnene. Njia ziliachwa nyembamba makusudi ili adui asipite kwa wingi, na fingo, kinga ya kaya, ikazikwa ardhini. Karne ya 19 watu walianza kutoka kwenda kulima na kufanya biashara, na kufikia miaka ya 1940 kaya karibu zote hazikuwa na wakazi.

Hapo ndipo ninapoona jambo kubwa la historia hii. Msitu usio na mkazi, usio na askari wala ua, umezungukwa na watu wanaohitaji kuni, makaa, mbao na shamba, ungepaswa kwisha ndani ya kizazi kimoja. Haukwisha, kwa sababu watu waliendelea kurudi. Mvua ikichelewa, wazee walitangulia, miguu mitupu, wamejifunga kaniki, na nyuma yao wanawake na kayamba. Kayamba ni chombo bapa cha matete yaliyofungwa pamoja, ndani yake mbegu. Ukikitikisa polepole kinatoa sauti ya mvua inayokaribia kwenye majani. Mmoja hutanguliza, wengine huitikia. Mtoto aliyeitikia wimbo huo akiwa na mama yake hakuhitaji kufundishwa upya kwamba hata tawi lililoanguka lenyewe halibebwi nyumbani.

Wataalamu wa mimea walipoanza kuzikagua kaya miaka ya 1980, walikuta hazina. Katika Kaya Muhaka, Kwale, upo mti wa Gigasiphon macrosiphon, miongoni mwa miti adimu kabisa Afrika Mashariki. Wakati huohuo hoteli na viwanja vya watu binafsi vilikuwa vinazimega kaya za upande wa Diani. Mwaka 1992 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yaliunda kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani, na kaya za kwanza zikatangazwa rasmi kuwa kumbukumbu za taifa. Mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kaya kadhaa katika Urithi wa Dunia.

Mwaka uliofuata UNESCO hiyohiyo iliziweka mila za kaya, nyimbo na maombi yakiwemo, katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Kwangu mimi huo ndio uamuzi mzito zaidi wa yote mawili. Mpaka wa msitu unaweza kuchorwa kwenye ramani, lakini wimbo uko kwa mzee. Na huko Kilifi wazee wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine kwa sababu tu wana mvi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna tamaa ya shamba. Kila anayeuawa huenda na maneno ambayo hayakuandikwa popote. Hatuwezi kudai tunahifadhi kaya huku tunanyamazia mauaji hayo.

Kaya Kinondo, kwa Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu, wazee walifungua msitu kwa wageni mwaka 2001. Mgeni hufungwa kaniki kiunoni, haruhusiwi kuokota kitu, na huambiwa akumbatie mti mkubwa. Mapato husaidia kijiji. Maombi yenyewe bado hufanywa na wenyewe, siku wanayoijua wao, na siku hiyo wageni hawaingii.